Moyo wa nguruwe hausomi kalenda

Kitoto cha nguruwe kikizaliwa na kilo 1.4, moyo wake huwa na takriban gramu 10. Ukiukata katikati utaona jambo ambalo baada ya mwezi halionekani tena: ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia na ule wa kushoto unakaribiana kwa unene. Tumboni mwa mama pande zote mbili zilisukuma damu kwa shinikizo lililokaribiana, kwa kuwa mapafu yalikuwa hayajaanza kupumua na damu nyingi ilipita kando yake. Pumzi ya kwanza ikishavutwa, njia hizo za kando zinaanza kufungwa, upande wa kushoto unabeba mwili mzima, na ndani ya wiki chache ukuta wake unauacha mbali ule wa kulia. Kufikia wiki ya nane, kama ni nguruwe wa aina ya Large White aliyekula vizuri hadi kilo 20, moyo ule wa gramu 10 umekaribia gramu 100.

Kukua huko mara kumi si kuvimba kwa nyama ileile. Ndani ya seli za moyo protini zinapishana zamu: moja inaondoka, nyingine inaingia mahali pake, ya tatu inabaki lakini kwa umbo jingine. Watafiti hulichora jambo hili kwa mstari, siku za umri zikiwa chini, kiwango cha protini kikiwa kando. Mistari mingi ya aina hiyo imechorwa Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa tiba au wa mifugo hapa Bukavu anayetaka kuutumia mstari huo, au kuchora wake kwa nguruwe wa Kabare na Walungu, anastahili kutiwa moyo. Ila kuna kosa moja linaloweza kumharibia kazi yote kabla hajagusa jeli ya kutenganishia protini: kudhani kwamba umri wa kalenda ndio umri wa moyo. Nguruwe wawili wenye siku 42 wanaweza kuwa na mioyo iliyo hatua mbalimbali kabisa, na katika milima yetu sababu zake zinajulikana. Ni damu kukosa chuma, ni mihogo, ni mwinuko, ni uzao aliotoka.

Tuanze na troponini I. Ni kama kitasa juu ya nyuzi za aktini: kalsiamu ikifika, kitasa kinafunguka, miosini, protini inayovuta, inaishika aktini na msuli unajikunja. Kabla ya kuzaliwa moyo hutumia zaidi troponini I ya misuli ya mifupa, ile ya misuli inayofanya kazi polepole. Baada ya kuzaliwa inaipisha troponini I ya moyo wenyewe, na kwa nguruwe sehemu kubwa ya zamu hiyo hupita katika mwezi wa kwanza hivi. Ile ya utotoni huvumilia asidi kwenye damu, hali inayomkuta mtoto aliyekawia kwenye njia ya uzazi. Ile ya ukubwani ina kipande cha ziada mwanzoni mwa mnyororo wake, karibu asidi amino 30, na juu yake asidi amino mbili ziitwazo serini, ambazo adrenalini, kwa mkono wa kimeng'enya PKA, huzibandika fosfeti. Zikibandikwa, msuli unalegea upesi kati ya pigo na pigo, na moyo unaweza kuongeza kasi bila kukosa nafasi ya kujaa damu.

Titini nayo ni springi ya moyo. Ndiyo protini kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu, yenye uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 3 hadi 3.7 kutegemea namna yake. Mtoto huzaliwa na titini ndefu, laini, inayonyumbuka. Kadiri anavyokua, seli hukata na kuunga upya ujumbe wa jeni ileile moja hadi titini fupi na ngumu ishike nafasi kubwa. Panya humaliza mageuzi haya upesi. Nguruwe huenda taratibu zaidi, na hata akiwa mkubwa ventrikali yake ya kushoto hubaki na mchanganyiko wa titini ndefu na fupi, jambo linalomkaribisha kwa binadamu.

Kwenye miosini panya anatudanganya moja kwa moja. Ventrikali ya panya huzaliwa na miosini ya beta, ya polepole, kisha homoni ya tezi ya shingo inaibadilisha kuwa ya alfa, ya kasi. Moyo wa panya hupiga mamia ya mara kwa dakika, kwa hiyo anaihitaji. Nguruwe mkubwa, kama mtu mzima, ana beta karibu tupu katika ventrikali na alfa zaidi katika vyumba vya juu. Anayechukua kitabu kilichoandikwa kwa panya na kutafuta zamu ya beta kwenda alfa katika nguruwe atapoteza miezi, kisha atailaumu kingamwili aliyoinunua, ile protini ya kushikia na kuonyesha protini inayotafutwa.

Nguvu za moyo nazo hubadili kuni. Moyo wa kijusi huishi zaidi kwa sukari na asidi laktiki. Baada ya kuzaliwa mitokondria huongezeka na mafuta huwa ndiyo chakula kikuu. Wakati huohuo seli zinaanza kupoteza uwezo wa kugawanyika. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kitoto cha nguruwe kikijeruhiwa moyo ndani ya siku 2 za kwanza kinaweza kuurudishia msuli sehemu kubwa, lakini kikijeruhiwa kuanzia siku ya 3 kinabaki na kovu. Fikiria maana yake kwa mtu anayeandika kwenye daftari "umri: wiki 1" bila kutaja siku wala saa. Katika dirisha hilo jembamba, saa 24 zinatenganisha mioyo miwili yenye tabia tofauti.

Jambo hili lina uzito nje ya labo pia. Nguruwe akitolewa moyo na kuwekewa kiumbe mwingine, moyo huo unaendelea na ratiba yake ya kukua. Timu ya Munich iliyowapandikiza nyani mioyo ya nguruwe na kuwafikisha hadi siku 195, kazi iliyochapishwa mwaka 2018, ililazimika kushusha shinikizo la damu na kutoa dawa ya kuzuia ukuaji ili moyo usijae kifua. Nguruwe aliyetoa moyo kwa mgonjwa David Bennett kule Maryland, Marekani, Januari 2022, alikuwa na marekebisho ya jeni 10, na moja lilikuwa kuzima kipokezi cha homoni ya ukuaji kwa sababu hiyohiyo. Bennett aliishi karibu miezi miwili. Swali la protini gani inapanda lini ni swali la kitandani mwa mgonjwa.

Sasa nije kwenye usomaji wa mstari wenyewe, maana hapo ndipo naona hatari kubwa. Tuseme protini fulani ina vipimo 2 kwa kila gramu ya moyo siku ya 1, na vipimo 0.5 kwa gramu wiki ya 8. Jedwali litaandika "imepungua mara nne". Lakini moyo wa siku ya 1 una gramu 10, kwa hiyo jumla ni 20. Wa wiki ya 8 una gramu 100, jumla ni 50. Seli hazijaacha kuitengeneza. Zimeitengeneza zaidi, ila nyingine zimeongezeka kwa kasi kubwa kuliko yake. Ni kama sokoni Kadutu: gunia moja la maharagwe likizungukwa na magunia ishirini ya mahindi, maharagwe hayajapungua hata kikombe. Kwa hiyo kila utafiti wa aina hii unapaswa kutoa namba mbili, kiwango kwa gramu na jumla kwa moyo mzima, na jumla haipatikani bila kupima uzito wa moyo. Mizani ya gramu 0.1 inatosha. Inashangaza ni mara ngapi kipimo hicho rahisi kinasahaulika wakati pesa zote zimekwenda kwenye kemikali.

Hatari ya pili ni protini ya kulinganishia. Katika njia ya jeli na kingamwili, ile inayoitwa westani bloti, protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huionyesha ile inayotafutwa kwa mwanga. Desturi ni kugawanya protini unayoitafuta kwa protini "isiyobadilika", na wengi huchagua GAPDH. Lakini GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na tumekwisha kusema kwamba moyo wa mtoto huacha sukari na kuhamia mafuta. Ukigawanya kwa kitu kinachoshuka, kila kitu kingine kitaonekana kinapanda. Aktini nayo haifai, kwani namna zake hubadilika katika ukuaji. Tumia jumla ya protini yote iliyopita kwenye utando, iliyopakwa rangi ya Ponceau S kabla ya kuweka kingamwili, upige picha mstari mzima kutoka juu hadi chini. Na kabla ya yote, weka sampuli moja kwa mikrogramu 2.5, 5, 10, 20 na 40 uone ni wapi mwanga unaacha kuongezeka sawasawa na protini. Ukipakia mikrogramu 40 ili kupima troponini mahali ambapo kipimo kimejaa tangu 10, umri wote utatoka sawa, nawe utaandika kwamba hakuna mabadiliko.

Kwa labo yenye mkono mfupi, kipimo cha busara kuliko vyote ni uwiano wa troponini I mbili. Ya moyo ina daltoni elfu 24 hivi, ya utotoni ni ndogo kidogo, na kwenye jeli ya akrilamaidi ya asilimia 15 zinaachana vizuri. Ukipata kingamwili inayozishika zote mbili, unazisoma katika mstari uleule wa jeli: hii ngapi, ile ngapi. Kosa la kupakia protini nyingi au kidogo linajifuta lenyewe. Uwiano huo ni saa ya moyo iliyo bora kuliko tarehe ya kuzaliwa, na mimi ningeuweka kwenye mhimili wa chini wa mchoro mahali pa siku.

Kwa nini saa hiyo inahitajika hapa kuliko kwingine? Kwanza kwa ajili ya chuma. Kitoto cha nguruwe huzaliwa na akiba ya miligramu 50 hivi za chuma. Kinahitaji kama 7 kwa siku, na maziwa ya mama yanakipa karibu 1. Hesabu yenyewe inaonyesha akiba itaisha lini. Porini angechimba udongo na kula. Kwenye banda la saruji au la mbao lililoinuliwa hana udongo. Ndiyo maana mashamba hudunga miligramu 200 za chuma shingoni siku ya 3. Asiyedungwa hupauka, hupumua kwa taabu, na moyo wake hupanuka ili kusukuma damu nyepesi mara nyingi zaidi. Mioglobini, protini nyekundu inayotunza oksijeni ndani ya msuli, haiwezi kukamilika bila chuma, wala saitokromu za mitokondria. Kwa hiyo ukimpima nguruwe wa siku 21 ambaye hakudungwa, na kukuta mioglobini chini na moyo mkubwa, ule si mstari wa umri. Ni mstari wa upungufu wa damu uliovaa nguo ya umri. Pima hemoglobini siku ya kuchukua sampuli. Chini ya gramu 8 kwa desilita mweke kundi lake, usimtupe, lakini usimchanganye.

La pili ni mihogo, na hapa Kivu ina historia yake. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na kituo cha utafiti cha Lwiro walichunguza rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu. Kaskazini na kusini-magharibi mwa kisiwa upungufu wa iodini ulikuwa uleule, lakini rovu lilikuwa jingi kaskazini, na hilo ndilo lililoelekeza macho kwenye mihogo. Mihogo michungu hutoa sianidi. Mwili unaigeuza thayosayanati ili kujiokoa. Thayosayanati nayo inaizuia iodini isiingie kwenye tezi. Nguruwe wa mlimani hula maganda ya mihogo, ambayo ndiyo yenye sumu zaidi, mara nyingi bila kulowekwa wala kukaushwa, pamoja na majani ya viazi vitamu na, karibu na mji, machicha ya bia ambayo wengi huyaita dreshi. Tezi ikizubaa, moyo nao unazubaa: pampu ya kalsiamu, SERCA2, inapungua, kizuizi chake fosfolambani kinazidi nguvu, msuli unachelewa kulegea. Hiyo ni sura ya moyo mchanga. Nguruwe wa miezi mitatu aliyelishwa maganda mabichi anaweza kuonekana kwenye jeli kama mdogo wake wa wiki chache. Anayeandika kwamba "nguruwe wa kienyeji hukomaa moyo polepole kwa asili yake" amemhukumu mnyama kwa kosa la chakula. Tezi ipimwe uzito pia, ni kiungo kidogo kilicho palepale kwenye koo, na maganda yalowekwe, yakaushwe juani, kisha yachemshwe kabla ya kuyatoa.

Upungufu wa seleni na vitamini E unaingia kwenye njia hiyohiyo, kwa sababu vimeng'enya vinavyoiamsha homoni ya tezi vimejengwa kwa seleni. Ukizidi, nguruwe wenye afya ya kuonekana hufa ghafla wakiwa na miezi 2 hadi 4, na moyo ukifunguliwa umejaa madoa ya damu. Ukikuta hivyo, usichukue sampuli ya umri hapo. Mwite veterineri, maana homa ya nguruwe ya Afrika nayo huacha damu kwenye moyo na hiyo itamaliza kijiji kizima.

La tatu ni hewa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa asilimia 16 hivi ikilinganishwa na pwani. Kwenye mita 2,000, katika vilima vya Kabare na Walungu, upungufu unapita asilimia 20. Mishipa ya mapafu ya nguruwe ina ukuta mnene na hujibana kwa nguvu oksijeni ikipungua, kuliko ya wanyama wengi. Ventrikali ya kulia ndiyo inayolipa. Kumbuka tulivyoanza: baada ya kuzaliwa upande wa kulia unatakiwa kubaki nyuma. Mlimani huenda usibaki nyuma sana kama ilivyoandikwa vitabuni. Kwa hiyo usichukue kushoto peke yake. Kata vyumba vya juu na mafuta uvitoe, tenganisha ukuta huru wa kulia, upime, kisha pima kushoto pamoja na kizuizi cha katikati, ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Ni kazi ya dakika 5 kwa mkasi na mizani, nayo itakuambia kama protini za upande wa kulia unazozisoma ni za umri au za mlima.

Ongeza baridi ya usiku. Nguruwe hana mafuta ya kahawia ya kujipasha joto, kwani jeni ya UCP1, inayoyawezesha mafuta hayo kutoa joto, iliharibika katika ukoo wake zamani sana. Kitoto chake kinatetemeka tu, na siku za kwanza kinataka joto la nyuzi 32 hivi. Asiyelipata huteketeza akiba, hanyonyi dang'a ya kutosha, na wengi hufa. Waliobaki hadi siku ya 7 wamekwisha kuchujwa.

Kuhusu kuchukua sampuli, hapa ndipo kazi hufia. Moyo ukisimama, ATP, nishati ya seli, inaanza kwisha na fosfeti kwenye protini zinabadilika ndani ya sekunde na dakika. Vimeng'enya vinavyoitwa kalpaini vinaanza kukata titini, desmini na troponini. Andaa kila kitu kabla mnyama hajalazwa. Moyo ukitoka, usuuze kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopozwa kwenye barafu hadi yatoke meupe, la sivyo utapima hemoglobini na albumini ya damu. Chukua mahali palepale kwa kila mnyama: ukuta huru wa kushoto, kati ya misuli miwili inayoshika vali, katikati ya unene. Tabaka la ndani na la nje hazina protini sawa. Vipande visizidi unene wa milimita 5, kwa sababu kipande kinene huganda nje huku ndani kikiendelea kuoza. Tumbukiza kwenye azoti ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Usitumbukize moyo mzima ukidhani umeokoa muda.

Azoti ikikosekana, na mara nyingi itakosekana, ipo njia ya pili inayoheshimika. Pima miligramu 50, uzisage palepale shambani ndani ya mililita 1 ya bafa yenye yurea mola 8, thayoyurea mola 2, SDS (sabuni kali) asilimia 3 na DTT (kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa) milimola 75. Bafa hiyo inakunjua protini zote, pamoja na vimeng'enya vyenyewe, na saa inasimama. Pasha kwa nyuzi 60 dakika 10, kisha igandishe kwenye friji ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Usichemshe kwa nyuzi 95 kama wanavyofanya kwa protini ndogo. Titini itakatika, nawe utaona ukanda wa daltoni milioni 2 na kuuita namna mpya. Na titini haiingii kwenye jeli ya akrilamaidi ya asilimia 10. Inataka agarosi ya asilimia 1 iliyosimamishwa wima. Jua pia bei ya njia hii: yurea iliyopashwa moto hubandika vipande vyake kwenye protini, na SDS huziba mashine za kupima uzani wa peptidi, kwa hiyo sampuli hizo ni za jeli tu. Anayetaka yote mawili agawe moyo mara mbili tangu shambani.

Umeme ukikatika, friji iliyojaa hukaa baridi kuliko iliyo nusu tupu, basi jaza nafasi kwa chupa za maji. Ndani ya ile ya nyuzi 20 weka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Ukirudi Jumatatu ukakuta sarafu imezama, sampuli ziliyeyuka na kuganda tena hata kama kipimajoto kinaonyesha vizuri. Ziandike hivyo kwenye daftari.

Mpango wa wanyama nao una kosa lake la kawaida. Mtu ananunua nguruwe 6 wa siku 1 kwa mfugaji mmoja, 6 wa siku 21 kwa mwingine, 6 wa siku 90 kwa wa tatu. Baadaye hakuna takwimu itakayotenganisha umri na shamba. Bora nguruwe jike 6, kila mmoja atoe vitoto 5 kwa kura, kimoja kwa siku ya 1, 7, 21, 42 na 90. Jumla ni 30. Ndugu wa uzao mmoja hawahesabiwi kama watu baki, na hapa undugu wao unageuka kuwa msaada, kwa sababu kila umri unalinganishwa ndani ya uzao. Kisha jeli ifuate mpango huohuo: umri wote 5 wa uzao mmoja kwenye jeli moja, kwa mpangilio wa kura, pamoja na tone la mchanganyiko wa sampuli zote ili jeli ziweze kulinganishwa. Ukiweka siku ya 1 zote kwenye jeli ya Jumatatu na siku ya 90 kwenye ya Ijumaa, umepima tofauti ya Jumatatu na Ijumaa.

Wapo wanaoona kwamba yote haya ni kujichosha: tupeleke vipande Ulaya, mashine isome protini 2,000 kwa mkupuo. Sipingi mashine. Lakini kwa protini 2,000 na kiwango cha kukubali kosa cha asilimia 5, bahati peke yake itakupa 100 "zilizobadilika", na ndani ya msuli wa moyo miosini, aktini na titini zimejaa kiasi kwamba protini adimu zinafunikwa. Zaidi ya hapo, mashine haiwezi kurudisha hemoglobini ambayo haikupimwa, wala kujua kama maganda yalilowekwa. Maarifa hayo yako hapa tu. Nguruwe wa Walungu aliyekua na mihogo, mlimani, bila sindano ya chuma, anafanana na watoto wetu wengi kuliko nguruwe wa labo aliyekula chakula cha gunia kando ya bahari. Kwa macho yangu huyo si mnyama mbovu wa kuondolewa kwenye takwimu. Ndiye swali lenyewe, mradi tujue tunachomuuliza.

Shamba moja kwa siku, si mawili. Virusi vya homa hiyo ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye viatu na hudumu kwenye nyama iliyogandishwa muda mrefu sana, na mfugaji aliyekufungulia banda hana chanjo ya kumkinga. Buti zioshwe na kutiwa dawa hapohapo, mabaki yazikwe huko huko. Na kwenye kila kichupa, kwa kalamu isiyofutika na spiriti, iandikwe namba ya mama, namba ya kitoto, saa ya kuzaliwa, saa ya moyo kutoka, dakika hadi kugandishwa, uzito wa mwili, uzito wa moyo, hemoglobini, chuma ndiyo au hapana, chakula, na mita za mwinuko. Kisichoenea kwenye kichupa kiandikwe daftarini siku ileile, kabla ya kulala.